Maneno Yenye Kichwa Kimoja: Njia ya Kujiongezea Maneno ya Kiingereza

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya maneno ya Kiingereza, na hasa juu ya njia ya kujiongezea maneno hayo kwa kutazama herufi zinazoanza neno. Najua ya kuwa wengi wenu mwajifunza lugha hiyo peke yenu, usiku, baada ya kazi za mchana, na sipendi taa zenu ziwake bure.

Nianze na habari ya kijana mmoja niliyemfundisha. Bidii yake iliwapita wenzake wote. Alinunua kamusi, akajiwekea nadhiri ya kujifunza maneno kumi kila siku kwa kuufuata mpango wa kamusi ile, tangu A mpaka Z. Wiki ya kwanza ilipokwisha alikuwa bado yumo katika AB. Alijua abandon, yaani kuacha kabisa. Abate, yaani kupungua. Abbot, yaani mkuu wa nyumba ya watawa. Abdicate, yaani kujiuzulu kiti cha enzi. Na abduct, yaani kumteka mtu. Siku moja nikampa barua fupi aisome, barua ya mtu aombaye kazi ya ukarani. Akakwama katika mstari wa pili, kwani mwandishi wa barua ile hakuwa na haja na abbot wala na abate. Tena nilipomwuliza maana ya abdicate, alinijibu bila kusita kwamba ni kumteka mtu. Maneno yale yalikuwa yamekaa karibu mno kichwani mwake, hata yakaanza kubadilishana nguo.

Basi nilimhurumia, maana hata mimi nilipokuwa mwanafunzi nilijaribu njia ile ile, wala sikufika mbali kuliko yeye. Kamusi hupangwa kwa herufi ili neno lipatikane upesi, kama karani apangavyo majalada rafuni. Maneno yaliyokaa pamoja katika ukurasa mmoja ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Baadhi yao ni ndugu wa damu, na baadhi hawajuani kabisa. Mwenye kutaka kufaidika na herufi za mwanzo hana budi ajue kwanza kuwatenga ndugu na majirani.

Na katika kazi hii sisi tusemao Kiswahili tumetangulia. Lugha yetu yote yaenda kwa vichwa vya maneno. Mtoto mdogo asiyejua kusoma ajua ya kuwa mtu ni mmoja na watu ni wengi. Ajua ya kuwa kijiti ni kidogo kuliko mti. Na ukimtajia mpishi, upishi na mapishi, atambua mara moja ya kuwa yote matatu yametoka jikoni. Kichwa cha neno hubadilika, shina hubaki. Hata ile kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, inayojulikana kwa jina la Frederick Johnson, iliyakusanya maneno mengi chini ya tendo lililoyazaa, hata mtu atafutaye habari za mpishi yafaa aanze na pika.

Tena twajua pia jinsi kichwa cha uongo kinavyoweza kutudanganya. Kitabu ni neno la Kiarabu, na ki yake ni sehemu ya mwili wa neno lenyewe. Walakini masikio yetu yalisikia ki kama ile ya kiti na kisu, basi tukasema vitabu, na hapana mtu anayetucheka. Madereva nao walipoona kibao cha keep left, yaani pita kushoto, walifanya kiplefti, na njia panda za mviringo zikiwa nyingi wakaziita viplefti. Neno mudguard, yaani kikinga matope cha baiskeli au cha gari, lilisikika kama madigadi, yaani wingi, na kimoja chake kikawa digadi. Waingereza pia wamefanya hivyo hivyo. Vazi liitwalo apron, analojifunga mpishi mbele, zamani lilikuwa napron. Watu walisema a napron, na kwa kusema haraka ile n ikahamia upande wa pili, ikawa an apron, na mpaka leo haijarudi kwao.

Kwa hiyo nawapa jaribio moja la kutumia kila mnapolikuta neno. Livueni kofia. Ondoeni zile herufi za mwanzo mnazozidhania kuwa kichwa, kisha mtazame kilichobaki. Je, ni neno lililo hai? Na maana yake, ikiunganishwa na maana ya kichwa, yatoa maana ya neno zima? Neno unhappy likivuliwa un labaki happy, yaani mwenye furaha, na zima lake ni asiye na furaha. Limefaulu. Uncle, yaani mjomba au ami, likivuliwa un labaki cle, kitu kisichokuwapo duniani; basi un ile si kichwa. Na repair? Re aghalabu ina maana ya tena au ya kurudi, na pair ni jozi. Lakini kutengeneza baiskeli si kuifanya jozi mara ya pili. Limeanguka katika swali la pili.

Mwanafunzi mmoja mchokozi aliwahi kuniuliza kama missionary huanza na mis, ile ya misuse na misbehave, iletayo maana ya ubaya au ukosefu. Mimi niliyelelewa katika shule ya misheni nilicheka pamoja na darasa zima. Kisha nikamweleza ya kuwa mission latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kutuma, na kwamba missile, yaani kombora, ni ndugu yake wa damu, kwani yote mawili ni habari ya kitu au mtu aliyetumwa kutoka mbali. Alikaa kimya kidogo, akasema, “Basi swali langu halikuwa la kipuuzi sana, Mwalimu.”

Sasa tuitazame un kwa makini zaidi, kwa sababu hubeba kazi mbili. Ikitangulia neno la sifa, huikana sifa ile: clean ni safi, unclean si safi, known ni kinachojulikana, unknown ni kisichojulikana. Lakini ikitangulia neno la tendo, aghalabu hulifumua tendo lile. Tie ni kufunga kwa kamba, na untie si kutofunga, bali ni kufungua. Hapa Kiswahili kina kitu kile kile, ila chakiweka mkiani. Sisi twasema kunja na kunjua, wao wasema fold na unfold. Twasema funika na funua, wao cover na uncover. Pakia na pakua, wao load na unload. Vaa na vua, wao dress na undress. Mwalimu awafundishaye watoto maneno haya na ayaandike ubaoni jozi kwa jozi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na baada ya dakika chache watoto wenyewe watamletea tatua na untangle.

Kazi hizo mbili za un zaweza hata kugombana ndani ya neno moja. Unlockable, likisemwa juu ya mlango, laweza kuwa mlango usiofungika kwa ufunguo, na pia laweza kuwa mlango unaoweza kufunguliwa. Msemaji peke yake ndiye ajuaye alikusudia lipi, na yafaa kumwuliza kabla hujaweka mali yako ndani.

Kichwa cha pili cha kukana ni in, kilichotoka katika Kilatini. Hiki huwatisha wanafunzi kwa sababu hakikai na sura moja. Correct huwa incorrect, lakini possible huwa impossible, legal huwa illegal, na regular huwa irregular. Watu hudhani ni mambo manne ya kukariri, nayo ni jambo moja. Semeni polepole, n na p pamoja. Midomo yahitaji kufungwa kwa ajili ya p, basi hujitayarisha mapema, na n ikitamkwa kwa midomo iliyofungwa huwa m. Sisi twafanya vivyo hivyo kila siku. Twasema nguo nzuri, lakini hatusemi nguo nbaya, twasema mbaya. Ubao mmoja, mbao nyingi; ubavu mmoja, mbavu nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo ya midomo Warumi walikuwa na im mbele ya p, b na m.

Mbele ya l na r njia zetu zimeachana. Sisi huilazimisha l imfuate n, basi ulimi mmoja, ndimi nyingi. Hata r yafuata, nasi twasema nyumba ndefu. Wao waliilazimisha n imfuate l au r, na ndipo tukapata illegal na irregular. Mwenye kuijua sababu hii hatasahau ya kuwa illegal ina l mbili, moja ya kichwa na moja ya shina. Na irregular ina r mbili, na immature ina m mbili. Unnecessary ina n mbili kwa kuwa un imekutana na necessary. Nimesahihisha madaftari mengi yenye dissappear na mispell. Dis imeongezwa juu ya appear, ambayo haina s, basi s ni moja tu. Lakini mis imeongezwa juu ya spell, basi s ni mbili, misspell. Hesabu tu, moja na moja.

Mtu atauliza ni lini tutumie un na lini in. Ningependa kuwapa kanuni, lakini lugha yenyewe haina msimamo. Wasema unable, asiyeweza, lakini kutoweza ni inability. Wasema unjust, asiye wa haki, lakini udhalimu ni injustice. Maneno hayo na yajifunzwe mawili mawili, mume na mke.

Nimefika sasa katika jambo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza nanyi. Siku moja niliandika ubaoni neno inflammable. Sikulieleza. Nilisema tu, “Neno hili limeandikwa juu ya pipa lililo karibu na jiko. Mtafanya nini?” Mikono mingi ikainuka. Kijana wa kwanza akasema hakuna la kufanya, maana in ni si, na flame ni mwali wa moto, basi pipa lile haliwaki. Darasa karibu zima likakubaliana naye. Walikuwa wameyashika mafundisho yangu sawasawa, wakayatumia sawasawa, na lau pipa lile lingekuwapo kweli, wangeungua.

Ziko in mbili, wasikilizaji wangu. Moja ni ya kukana, niliyokwisha kuieleza. Ya pili ina maana ya ndani au kuingiza, nayo pia imetoka katika Kilatini. Inflame ni kutia moto, na inflammable ni kinachoshika moto upesi. Kwa ajili ya hatari hii, katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kukinga moto, National Fire Protection Association, kilihimiza watu waandike flammable bila in, na siku hizi neno hilo ndilo linaloonekana zaidi katika mapipa na makopo. Maneno yote mawili yana maana moja. Kitu kisichowaka ni non-flammable, na hiyo non haina ndugu wa kufanana naye. Tafadhali waelezeni jambo hili wale wanaofanya kazi katika maghala, vituo vya mafuta na maduka ya rangi, hata kama hawajifunzi Kiingereza chochote kingine. Neno jingine la kuangalia ni invaluable, lionekanalo kama kisicho na thamani, nalo ni kinyume kabisa, yaani kitu ambacho thamani yake haikadiriki. Mwajiri akiandika hivyo katika cheti chako, usikasirike.

Ile in ya ndani ndiyo mlango wa jamaa kubwa za maneno. Portare katika Kilatini ni kubeba. Bidhaa ziingiazo Mombasa au Dar es Salaam kwa meli ni import, zitokazo ni export, kwa kuwa ex ni nje. Trans ni kuvuka, basi transport ni kubeba kutoka mahali hata mahali. Porter ni hamali au mpagazi. Support ni sub, yaani chini, na port. Aliye chini akibeba, yaani kutegemeza. Na hapo mwaona tena jinsi b ilivyogeuka p kwa kuifuata jirani yake, ndiyo maana p ni mbili. Fanyeni hivyo hivyo na spect, ambalo ni kutazama: inspect ni kutazama ndani, kukagua, respect hapo awali ni kugeuka na kumtazama mtu tena, kama tumwangaliavyo mzee anayepita, na suspect ni kumtazama mtu kwa chini chini, yaani kumshuku. Hilo la mwisho halihitaji hata kufundishwa, kila mtu ameliona sokoni.

Vichwa ni vingi, lakini msiviogope. Mwaka 1989 wataalamu watatu wa Marekani, White, Sowell na Yanagihara, walitoa hesabu ya maneno yenye vichwa katika maandiko ya shule za nchi ile. Waliona ya kwamba vichwa vinne tu, yaani un, re, in pamoja na sura zake, na dis, vilikuwa katika asilimia 58 ya maneno hayo. Aanzaye na hivyo vinne amekwisha kupita nusu ya njia.

Lipo kundi jingine la herufi za mwanzo ambalo si vichwa hasa, kwa maana ukiziondoa hakibaki kitu, lakini yaonekana huvuta maana upande mmoja. Tazameni sn na pua: sneeze ni kupiga chafya, sniff ni kunusa, snore ni kukoroma, snout ni pua ya mnyama kama nguruwe, snuff ni ugoro. Tazameni gl na nuru: glitter, gleam, glow na glisten yote ni habari za kung'aa. John Wallis, aliyeandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini mwaka 1653, alikwisha kuona ya kuwa wr hupenda mambo ya kupinda na kusokota: wring ni kukamua nguo kwa kuisokota, wrist ni kiwiko cha mkono kigeukacho, wrestle ni kupigana mieleka, na hata wrong, kosa, hapo zamani lilikuwa kitu kilichopinda. J. R. Firth aliyapa mambo haya jina mwaka 1930, na wataalamu wangali wakibishana juu yake. Mimi huyatumia kama kamba ya kufungia mzigo tu, maana snow ni theluji na snake ni nyoka, wala hawana pua ya kusifiwa. Ile w ya wr haitamkwi siku hizi, kama k ya knee na knife. Zamani zilitamkwa, na Wajerumani mpaka leo hutamka k katika Knie, yaani goti.

Sasa nawarudia wale watakaoanza usiku huu. Chukueni daftari, na kila kichwa kipewe ukurasa wake. Andikeni humo maneno mliyoyakuta katika kusoma au kusikia, wala msiyachote katika kamusi. Kando ya kila neno andikeni sentensi mliyolikuta nayo. Na tena, maneno mawili yanayofanana sana kwa sura msijifunze siku moja. Batia Laufer, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1988, aliyaita maneno ya namna hiyo synforms, nayo huwachanganya hata wanafunzi waliokwenda mbali: adopt ni kumchukua mtoto wa mwenzako awe wako, na adapt ni kurekebisha kitu kifae mahali papya; considerate ni mtu ajaliye wenzake, na considerable ni kingi au kikubwa. Moja na lizoeleke kwanza kwa wiki mbili au tatu, ndipo mwenzake aletwe. Yule kijana wangu wa abduct na abdicate alifuata njia hii. Aliiuza ile kamusi kwa mwenzake, akainunua tena baada ya mwaka, na mara hii aliitumia kwa kutafutia maneno.

Kabla sijawaaga, nawaachia maneno sita ya kuyavua kofia: dishonest, distance, reopen, ready, invisible, na invite. Matatu yana kichwa cha kweli kinachoonekana wazi, na matatu yatawapa shida. Kwa herini.